Kupangisha Vyumba Kwenye Nyumba Uliyopanga: Mwongozo Kamili Hatua kwa Hatua

Wengi wanaouliza kuhusu hili jambo wanakuja wakiwa wameshakwama. Mtu ameshaingia chumbani na godoro lake, afu siku moja mwenye nyumba kapita akakuta sura asiyoijua inaanika nguo. Au mpangaji kagoma kulipa mwezi wa pili na kodi ya nyumba nzima inadaiwa. Ukifuatilia unakuta shida haikuanzia hapo, ilianza nyuma kabisa, mtu alitafuta mpangaji kwanza mengine yote akasema yatajulikana mbele kwa mbele. Ndo maana humu mpangaji anakuja hatua ya tano.

Na kuna kitu kimoja ukishike kuanzia sasa: kwa mwenye nyumba we bado ni mpangaji, ila kwa huyo unayempa chumba we ndo mwenye nyumba. Asipolipa, kodi yote iko palepale na ni yako. Akivunja sinki, we ndo utaulizwa. Mwenye nyumba hamjui yeye, anakujua wewe.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mkataba wako wa kupanga, kurasa zote, sio ile ya sahihi tu
- Mawasiliano ya mwenye nyumba mwenyewe au wakala anayesimamia nyumba
- Bili za umeme, maji, gesi na intaneti za miezi kadhaa iliyopita
- Akiba inayotosha kodi ya nyumba nzima kwa mwezi mmoja, ikiwezekana miwili
- Akaunti ya pembeni ya kuwekea dipoziti, yani hela ya dhamana ya mpangaji, isiyochanganyika na hela yako ya matumizi
- Simu yenye kamera nzuri kidogo
- Kitabu cha risiti
- Kitasa kizima cha mlango wa chumba chenye funguo zaidi ya moja

Kama hiyo akiba huna, subiri kwanza uipate. Hiyo ndo itakuokoa chumba kikikaa wazi.

## Hatua ya 1: Soma mkataba wako wote

Tafuta sehemu inayozungumzia kupangisha tena, kumwachia mtu mwingine nyumba, idadi ya wakazi, na wageni wa muda mrefu. Utakutana na moja kati ya hali nne: umekatazwa kabisa, umeruhusiwa kwa kibali cha maandishi, umeruhusiwa moja kwa moja, au mkataba umekaa kimya.

Mkataba kukaa kimya usichukulie kwamba ni ruhusa. Nchi nyingi sheria inataka ridhaa ya mwenye nyumba hata kama mkataba haujasema, na kwingine sheria inakupa haki fulani ambayo mkataba haujaitaja, kwa hiyo hapo inabidi uulize mtu anayejua sheria ya upangaji ya unapoishi. Nyumba za mwajiri na zile za bei nafuu za serikali ndo huwa kali zaidi, nyingi haziruhusu kabisa, na ukikamatwa unaweza kupoteza nyumba yenyewe.

Angalia pia tarehe mkataba wako unapoisha. Huwezi kumpa mtu muda ambao we mwenyewe huna. Kama umebakiza miezi 5 usimwandikie mtu miezi 12, maana mwenye nyumba akikataa kukuongezea utakuwa umeuza kitu kisicho chako.

Ukimaliza sawasawa: unaweza kumwelezea mtu kwa sentensi mbili mkataba wako unasemaje kuhusu kupangisha vyumba na unaisha lini.

## Hatua ya 2: Pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi

Hapa ndo wengi wanapaogopa wanapita pembeni. Wanasema nikimuuliza atakataa, bora nikae kimya. Sasa fikiria, majirani wanaona, bili ya maji inapanda, fundi anakuja anakuta watu wanne kwenye nyumba ya mtu mmoja. Atajua tu, na akijua kwa kuambiwa na jirani hasira yake ni nyingine kabisa, na kama mkataba unakataza ana sababu ya kukutoa we pamoja na watu uliochukua hela zao.

Kabla hujamuandikia jiweke kwenye nafasi yake. Yeye ana hofu tatu: nyumba itachakaa, kodi itachelewa, na siku akitaka nyumba yake atakuta humo watu asiowajua wanaogoma kutoka. Ombi lako lijibu hizo tatu, bila hadithi ndefu za maisha magumu. Mfano:

> Shikamoo mzee. Naomba ruhusa yako nipangishe chumba kimoja kwenye nyumba yako ninayoishi, kwa mtu mmoja, kwa muda usiozidi mkataba wangu. Mimi naendelea kuishi hapahapa na kodi yote nitaendelea kukulipa mwenyewe tarehe ileile. Uharibifu wowote utakuwa juu yangu. Kabla hajaingia nitakutumia jina lake na nakala ya kitambulisho chake. Ukikubali naomba tuiandike tusaini, ili kila mtu abaki na nakala yake.

Akisema "sawa tu hamna shida" kwenye simu, mshukuru, afu palepale mtumie meseji: "Asante mzee kwa kuniruhusu kupangisha chumba kimoja kama tulivyoongea leo, nitakuletea karatasi tusaini." Akijibu, piga skrinshoti itunze. Maneno ya mdomo yanasahaulika, na pia mwenye nyumba anaweza kufariki au kuuza, ukabaki na mtoto wake au mmiliki mpya ambaye hajui mlikubaliana nini.

Akitaka nyongeza kidogo ya kodi, usikatae haraka, ipeleke kwenye hesabu ya hatua inayofuata. Akikataa kabisa, ishia hapo. Najua inauma, ila kupangisha kwa kificho ni kumuuzia mtu mwingine hatari bila kumwambia, maana na yeye atatolewa.

Onyo: ruhusa ya kuweka mpangaji wa miezi sio ruhusa ya kuweka wageni wa siku mbili tatu wa kwenye mitandao. Hiyo ni biashara tofauti, na sehemu nyingi ina leseni na masharti yake.

Ukimaliza sawasawa: una karatasi au meseji inayosema ni vyumba vingapi, watu wangapi, mpaka lini.

## Hatua ya 3: Piga hesabu, na uhesabu miezi ya chumba kuwa wazi

Watu wanapiga hesabu hivi: kodi yangu kugawanya kwa vyumba, naongeza kidogo, hicho kidogo ndo faida. Hiyo hesabu ni ya mwaka ambao chumba hakikai wazi hata siku moja, na mwaka wa hivyo ni bahati.

Tuchukue mfano, kodi ya nyumba iwe 100 kwa mwezi, we badilisha uweke namba zako. Bili zote nyumba ikijaa ni 20. Marekebisho madogo, balbu, bomba, kitasa, tenga 5. Jumla 125 kwa mwezi, yani 1,500 kwa mwaka. Vyumba ni vitatu na kila kimoja unakipangisha kwa 45, bili zikiwa humohumo.

Ukiishi humo na kupangisha viwili: vinaingiza 90 kwa mwezi, mwaka mzima 1,080. Kila chumba kikikaa wazi mwezi mmoja unapoteza 90, unabaki na 990. Toa kwenye 1,500, we umelipa 510, kama 42 na nusu kwa mwezi. Ungekaa peke yako na kulipia bili zako, tuseme 10, ungelipa 110. Hapo umeokoa zaidi ya nusu. Ni hela nzuri sana, ila ona kwamba ni gharama yako imepungua, sio mshahara wa pili.

Ukiwa huishi humo, unapangisha vyote vitatu: vinaingiza 135 kwa mwezi, ukitoa 125 unabaki na 10, kwa mwaka 120. Sasa kila chumba kikae wazi mwezi mmoja tu, umepoteza 135. Faida yote ya mwaka imeisha na umeongezea 15 kutoka mfukoni kwako. Bili zinashuka kidogo chumba kikiwa wazi, sawa, lakini kodi ya mwenye nyumba haishuki hata kidogo.

Ndo maana nashauri anayeanza aanze kwa kuishi humohumo na kupangisha kimoja au viwili. Ile ya kukodi nyumba nzima ili upangishe vyumba vyote unaionea raha kwenye karatasi, ila tofauti ni ndogo kiasi kwamba mtu mmoja asipolipa miezi miwili anakumaliza.

Vitu viwili vinasahaulika kila mara. Cha kwanza ni mpishano wa tarehe. Kama mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo na we wapangaji wako wanalipa mwezi kwa mwezi, hela ya kutanguliza inatoka mfukoni mwako, na ukila wanachokuletea kila mwezi, mkupuo ukifika huna kitu. Cha pili ni kodi ya mapato, nchi nyingi hela ya pango ni kipato kinachotakiwa kuripotiwa, na mara nyingi gharama kama kodi unayomlipa mwenye nyumba inatolewa kwanza. Tunza risiti kuanzia siku ya kwanza.

Bei yenyewe usiipange kwa kuangalia shida zako. Angalia vyumba vinavyofanana na chako vya jirani vinakwendaje, viko na choo cha ndani au cha kushea, vina fenicha au vitupu. Baadhi ya miji hairuhusu umtoze mpangaji wako zaidi ya sehemu yake ya kodi unayolipa wewe, kwa hiyo hakiki hilo pia.

Ukimaliza sawasawa: una karatasi moja inayoonyesha ukiwa na chumba kimoja wazi kwa miezi miwili bado unaweza kulipa kodi nzima.

## Hatua ya 4: Andaa chumba na sehemu za kushea

Hapa sio pa kutumia hela nyingi. Chumba kiwe na dirisha linalofunguka, mlango unaofungwa kwa ufunguo, taa, soketi isiyotoa cheche, na kisiwe na unyevu ukutani. Ukuta wenye fangasi usiupake rangi juu, tafuta maji yanapotokea kwanza, maana rangi itabambuka mapema na mpangaji atakuwa ameshaumwa kifua.

Usalama wa moto usiufanyie mchezo, sasa unalaza watu wa watu. Njia ya kutokea isiwe na makabati wala pikipiki. Mlango mkubwa ufunguke kwa ndani bila kutafuta ufunguo gizani. King'ora cha moshi sio ghali na kwingine ni lazima kisheria. Na jiko la mkaa au jenereta lisiwashwe ndani hata kama kuna baridi au mvua, hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi na inaua watu wakiwa wamelala.

Usigeuze sebule kuwa chumba kwa pazia au mbao bila kumuuliza mwenye nyumba. Sehemu nyingi kuna kikomo cha idadi ya watu kwa ukubwa wa nyumba.

## Hatua ya 5: Tangaza, afu chagua mtu

Tangazo liwe la kweli. Picha za mchana dirisha likiwa wazi, choo kionekane, bei, bili zimo au hazimo, watu wangapi wanaishi humo, na useme wazi kwamba we ni mpangaji mkuu na mwenye nyumba anajua. Usiweke namba ya nyumba kwenye tangazo.

Kuchagua ndo kazi yenyewe. Mtu wa kwanza anayekuja na hela mkononi anavutia, hasa kama chumba kimekaa wazi wiki tatu, lakini huyu utakutana naye mlangoni mwa bafu kila asubuhi. Kaa naye chini muongee. Muulize:

- Anafanya kazi gani na anaingia na kutoka saa ngapi
- Alikokuwa anaishi kwa nini anatoka, na mpangishaji wake wa pale anaweza kupigiwa simu
- Ni yeye peke yake au kuna mtu atakuja baadae
- Anapikaje, anavuta sigara, ana mnyama

Jibu lenyewe sio kila kitu, angalia anavyojibu. Anayekwepa swali la alikotoka mara mbili, au anayetaka kuhamia leoleo usiku na kusaini baadae, mwache apite. Kipato chake kiwe kinaibeba kodi na kubaki na cha kula, omba uthibitisho wowote unaoeleweka, uone kitambulisho halisi na sio picha ya kwenye simu.

Jambo la ndugu na marafiki. Wengi wanaanza na binamu au rafiki wa siku nyingi kwa kuwa wanamuamini. Ni sawa, lakini na yeye asaini kama mtu mwingine yeyote, tena yeye hasa, kwa sababu kumdai ndugu bila karatasi ni kugombana na ukoo mzima.

Na usimkatae mtu kwa kabila, dini au ulemavu wake. Ukiachana na kwamba sehemu nyingi ni kosa, haikuambii chochote kuhusu kama atalipa.

## Hatua ya 6: Andikianeni

Kurasa mbili zinatosha. Ziwe na majina kamili, chumba kipi hasa na sehemu zipi za kushea, kiasi cha kodi na tarehe ya kulipa, dipoziti na itakatwa kwa sababu zipi, bili zinagawanywaje, muda wa notisi kwa kila upande, na sheria za nyumba. Halafu weka vipengele hivi viwili ambavyo watu wanaviacha:

> Mkataba huu uko chini ya mkataba mkuu kati ya mpangaji mkuu na mwenye nyumba. Mkataba mkuu ukiisha, na huu unaisha, na mpangaji mkuu atatoa taarifa mara tu anapopata taarifa.

> Mpangaji haruhusiwi kumpangishia au kumuachia mtu mwingine chumba hiki.

Cha pili usikione cha ajabu, kuna watu unampa chumba na yeye anaweka mwenzake humo wanagawana kodi.

Notisi unayompa mpangaji wako iwe fupi kuliko ile mwenye nyumba anayokupa wewe, au angalau ilingane nayo, ili mradi isishuke chini ya ile ya kisheria. Kama we unapewa siku 30 na yeye umempa 60, siku mwenye nyumba akitaka nyumba utakuwa umebanwa katikati.

Kumbuka pia sheria mara nyingi inamtofautisha mtu anayeishi na wewe mnashea jiko na yule mwenye sehemu yake anayoifunga mwenyewe. Huyu wa pili kwa kawaida ana kinga zaidi, kumtoa ni kwa utaratibu mrefu.

## Hatua ya 7: Siku ya kuingia

Hela kwanza, ufunguo baadae. Kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti viwe vimeingia na umeviona kwenye akaunti, sio skrinshoti ya muamala aliyokutumia, hizo zinatengenezwa.

Kisha mzunguke pamoja na simu. Piga video moja ndefu isiyokatwa, anzia mlangoni, taja tarehe kwa sauti, nenda ukuta kwa ukuta, sakafu, dari, fungua kabati, washa taa, fungua bomba, flashi choo. Kama kuna ufa kwenye kioo au doa kwenye godoro, sogeza kamera karibu na mseme wote wawili kwamba lipo. Malizia kwenye mita ya umeme na ya maji, namba zisomeke. Mtumie hiyo video palepale ili na yeye awe nayo.

Dipoziti iende kwenye ile akaunti ya pembeni na usiiguse. Sio hela yako, ni ya mtu umeishika tu. Nchi nyingine sheria inataka iwekwe kwenye mfumo maalumu wa kulinda dipoziti, na kwingine kuna kikomo cha kiasi unachoweza kudai.

Ukimaliza sawasawa: mna mikataba miwili iliyosainiwa, risiti mbili tofauti ya kodi na ya dipoziti, na video ileile kwenye simu zote mbili.

## Hatua ya 8: Kuendesha mwezi hadi mwezi

Tarehe ya wapangaji kulipa iwe siku 5 hadi 7 kabla ya ile unayomlipa mwenye nyumba. Hizo siku ndo nafasi yako ya kupumua mtu akichelewa. Kila malipo toa risiti, hata ya hela ndogo.

Ugomvi mwingi wa nyumba za kushea unaanzia kwenye umeme, usafi na wageni. Kwa umeme kuna njia mbili, kugawana sawa kwa vichwa au kuweka mita ndogo kwa kila chumba. Kugawana kwa vichwa ni rahisi mpaka siku mmoja anunue hita au friji yake, hapo andikeni mapema kwamba kifaa kikubwa kina nyongeza yake. Bili ikija ipige picha uiweke kwenye grupu la nyumba na mgawanyo wake, kila mtu aone, usiwe unawatajia namba tu.

Usafi uwe na zamu iliyobandikwa ukutani. Wageni wanaolala, wekeni kikomo cha siku kwa mwezi.

Na we mwenyewe usiingie chumbani kwa mtu kwa sababu una ufunguo wa akiba. Akishalipa, kile ni kwake. Piga hodi, toa taarifa siku moja kabla kama fundi anakuja, isipokuwa maji yanafurika au kuna moshi. Na kama bado hujaangalia bima yako ya vitu vya ndani, piga simu uulize kama inakubali kuwa na mpangaji, nyingine zinafutika kimyakimya.

## Hatua ya 9: Asipolipa, na siku ya kutoka

Siku ya kwanza ya kuchelewa, meseji ya upole. Siku ya tatu, kaeni muongee, na kama kuna sababu ya kweli pangeni tarehe za kulipa kwa maandishi. Ikipita hiyo, notisi ya maandishi kulingana na mkataba na sheria. Usichelewe kwa aibu, deni la mwezi mmoja linalipika, la miezi mitatu watu wengi wanahama nalo usiku.

Onyo kubwa: usibadilishe kitasa, usimkatie umeme, usimtolee vitu nje. Hata kama anadaiwa, sehemu nyingi kumtoa mtu bila utaratibu wa kisheria ni kosa, na kesi itakugeukia wewe uliyekuwa na haki.

Anayetoka kwa amani, mzunguke tena na video ya siku ya kuingia mkononi, ukuta kwa ukuta. Uchakavu wa kawaida, rangi kufifia, kapeti kulala, haukatwi kwenye dipoziti. Kioo kilichovunjika kinakatwa, kwa gharama halisi na risiti ya fundi. Soma mita, gawa bili ya mwisho, chukua funguo zote uzihesabu, na kinachobaki mrudishie ndani ya siku mlizoandika. Kama unahisi kuna nakala ya ufunguo iliyobaki nje, badilisha silinda ya kitasa kabla hujaweka tangazo jipya.